Bwana Kivuko wa Daraja la Luvire

"Kivuko hufa, ng'ambo haifi." Mmeisikia jana kwenye mkutano wa chama chetu cha kuzikana, Mama Sabela aliposimama na kuwatupia maneno hayo, nanyi mkatazamana kama watu walioulizwa njia ya kijiji wasichokijua. Leo mmekuja kuuliza yametoka wapi. Vizuri. Mngeuliza kabla ya kupendekeza mlichopendekeza ingekuwa vizuri zaidi, lakini haya, vuteni viti. Chanzo chake ni hiki.

Enzi za babu zenu kulikuwa na Jimbo la Mhangu. Lilikuwa jimbo dogo, lakini lilikuwa na Baraza lake, bendera yake, hospitali yake na Katiba yake. Makao makuu yalikuwa Bomani, ukingoni mwa mto Luvire. Upande wa pili wa mto kulikuwa na vijiji vinne ambavyo watu wote waliviita kwa jina moja, Ng'ambo. Hapo mwanzo watu walivuka kwa pantoni iliyovutwa kwa kamba. Baadaye likajengwa daraja la zege, na pantoni ikaachwa matopeni mpaka kuku wakawa wanataga ndani yake.

Huko Ng'ambo alikaa Wendelini Haule, tarishi wa Baraza. Aliacha shule darasa la tano, baba yake alipofariki, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kubeba mafaili, kupeleka barua na kuhakikisha kila aliyepokea barua ametia saini kwenye kitabu. Kila asubuhi alivuka daraja kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo hayakuwa na sukari.

Mwaka mmoja Baraza liliamua kuisafisha Katiba. Ilikuwa na umri wa miaka arobaini na imejaa vitu vilivyokwisha kufa: mwasha taa za kandili wa Bomani, kodi ya mbwa, tarumbeta ya kuwaita wajumbe. Ikaundwa Kamati ya Masahihisho ya Kiufundi. Mwenyekiti akawa Wakili Hamza Tindwa, kijana wa miaka thelathini na minane, hodari, msafi, mwenye haraka. Katibu akawa Bi Perpetua Mbele, mwanamke mpole ambaye alijua mambo mengi lakini alipenda kuyasema mtu akishatoka chumbani.

Sheria ya kamati ilikuwa moja: isibadilishe maana. Ifute kilichokufa, ipange namba upya, basi. Na kwa kuwa haibadilishi maana, kazi yake ingepita Barazani kwa mkupuo, bila mjadala, kwa "Ndiyo" moja.

Mashine ya chapa ya Baraza ilikuwa mbovu, kwa hiyo walifanya kazi kwa mkasi na gundi. Tindwa alisoma ibara, Perpetua alitia alama nyekundu, na Wendelini akakata. Zilizobaki alizibandika kwenye daftari kubwa lililoitwa Nakala Kuu, zilizokufa akazitupa kapuni. Siku ya kwanza walikata mwasha taa na kodi ya mbwa, wakacheka sana. Siku ya pili wakafika ibara ya kumi na saba.

"Kutakuwa na Bwana Kivuko wa mto Luvire," alisoma Tindwa, kisha akaweka karatasi chini. "Bwana Kivuko! Daraja lina miaka mingapi?"

"Ishirini na sita," alisema Perpetua.

"Kata."

Wendelini alikata. Lakini alikuwa na tabia moja ya watu wasiosoma sana: alichokishika mkononi alikisoma mpaka mwisho. Akasoma ukanda ule wa karatasi, midomo ikicheza, na mkono uliokuwa unakwenda kapuni ukasimama.

"Mheshimiwa, huku chini kuna watu."

"Watu gani?"

"Sisi." Akasoma kwa sauti. "'Kutakuwa na Bwana Kivuko wa mto Luvire. Atavusha bila nauli wakazi wa kando zote mbili za mto, ambao wote ni watu wa Jimbo hili, na ardhi yao ni ardhi ya Jimbo hili. Nafasi hii haitakaa wazi zaidi ya siku saba.' Hapo, mheshimiwa. Ng'ambo iko hapo."

"Ng'ambo iko mahali pengine pia, bila shaka."

"Wapi?"

"Kwenye ibara ya mipaka, bila shaka. Ya pili."

"Ya pili nimeibandika jana kwa mkono huu. Inasema Jimbo linaishia ukingo wa mto Luvire."

Tindwa akavua miwani. "Wendelini, ulifika darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi hii ni kazi ya madarasa yaliyofuata. Wewe kata."

"Kukata nimekata. Nasema tu kwamba nimekata watu."

"Hilo unalolileta ni suala la maana," alisema Tindwa, sasa kwa upole, kama anamfundisha. "Kamati hii haishughuliki na maana. Tukianza kujadili maana tutakuwa tumevunja sheria iliyotuunda."

Wendelini akamtazama Perpetua. Perpetua alikuwa amefungua ibara ya pili, kidole kiko pale pale penye neno mto. Akakitazama kidole. Kisha akafunga karatasi na kusema, "Bila shaka liko mahali pengine."

Halikuwa mahali pengine. Wazee waliotunga Katiba walikuwa wamekwisha kuchapa kurasa za mwanzo, mipaka na yote, ndipo wajumbe wa Ng'ambo wakafika wamechelewa kwa sababu mto ulikuwa umefurika. Wakasema nao wamo. Wakakubaliwa kwa vigelegele. Lakini kuchapa upya ukurasa wa mipaka ilikuwa taabu, karatasi zilikuwa chache, na ibara ambayo bado haijachapwa ilikuwa ya kivuko. Wakaingizwa humo. Wazee wetu walikuwa watu wema, ila uvivu wao mdogo ulikuja kugharimu vijiji vinne.

Wendelini hakuutupa ule ukanda kapuni. Aliukunja mara mbili akautia mfuko wa shati, akaendelea kukata.

Kabla ya kura alimwendea mjumbe wa Ng'ambo mwenyewe, Mheshimiwa Kolimba, akamkuta kwenye mgahawa wa Baraza anakunywa chai na maandazi.

"Mheshimiwa, keshokutwa utapiga kura ya kujifuta."

"Wende, Wende," alisema Kolimba huku akicheka, "haya ni ya kiufundi tu."

"Umeyasoma?"

"Ya kiufundi hayasomwi, ndugu yangu. Yangekuwa ya kusomwa yangeitwa jina lingine."

Siku ya kura Spika aliuliza wangapi wanaafiki. Ukumbi mzima ukaitika, na sauti ya Kolimba ikasikika juu ya zote. "Ndiyoooo!" Hata Spika alitabasamu.

Sasa sikilizeni jinsi jambo dogo linavyotembea. Katiba mpya ikachapwa mjini, nyeupe, nyembamba, imepangika vizuri, mahali palipokuwa na kivuko sasa pakiwa na ibara ya rangi za bendera. Ikagawiwa ofisi zote. Na katika kila ofisi yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusoma kilichoandikwa na kukifuata, hata kama macho yake yanamwambia vingine. Idara ya afya ikaona kwamba Jimbo linaishia ukingo wa mto. Ikaona pia kwamba zahanati ya Ng'ambo iko ng'ambo ya ukingo. Ikaandika barua: zahanati ifungwe, muuguzi Anunsiata ahamie hospitali ya Bomani.

Barua hiyo ilipelekwa na Wendelini. Alisimama mlangoni pa zahanati akimtazama Anunsiata akitia saini kitabuni, na nyuma ya muuguzi kwenye benchi ameketi Oliva, binti wa Wendelini, mimba ya miezi sita.

Hapo ndipo penye uzito wa hadithi hii. Oliva alikuwa amejifungua mara moja kabla, na damu ilimtoka kama bomba lililopasuka. Mtoto hakupona. Oliva mwenyewe alipona kwa sababu Anunsiata alikuwa pale pale, akamziba alivyoweza na kumkimbiza kuvuka daraja mpaka hospitali, akaongezwa damu. Tangu hapo Wendelini akisikia binti yake amekohoa usingizini, yeye huamka.

"Baba Oliva," alisema Anunsiata, "safari hii asijifungulie nyumbani. Akianza tu, mlete hospitali, kwenye damu."

"Nitamleta."

Lakini hospitali ya Bomani nayo ilikuwa imepokea Katiba mpya. Langoni pakabandikwa tangazo: hospitali ni ya watu wa Jimbo, na wa majimbo mengine waje na barua ya jimbo lao. Wendelini akapanda baiskeli mpaka Jimbo la Matongo, lililopakana na Ng'ambo kwa upande wa pili, kuomba barua. Karani wa huko akamwonyesha ramani ukutani.

"Mpaka wetu unaishia kilima cha Nandu, mzee. Ninyi mko chini ya kilima."

"Kwa hiyo sisi ni wa wapi?"

"Wa Mhangu."

"Mhangu wanasema wao wanaishia mtoni."

Karani akapima kwa rula nafasi iliyopo kati ya kilima na mto. "Basi hapa katikati hapana mtu," akasema, na akarudi kwenye chai yake.

Wendelini akarudi Bomani. Idara ya afya ikamwambia aandike barua kwa Spika. Ofisi ya Spika ikamwambia barua ya mwananchi hupitia kwa mjumbe wake. Akaenda kwa Kolimba, akamkuta anafunga masanduku, kwa maana jimbo lake la uchaguzi nalo halikuwa mahali popote tena.

"Mimi siwezi kuipitisha, Wende. Mimi si mjumbe."

"Na nani alikuvua?"

Kolimba akakaa juu ya sanduku. "Nilisema ndiyo kwa sauti sana, sivyo?"

"Mpaka kuku wa kwenye pantoni waliruka."

Siku moja, katika barua za asubuhi, Wendelini akakuta bahasha yenye jina lake. Afisa utumishi alikuwa amesoma Katiba. Mtu asiye wa Jimbo haruhusiwi kuajiriwa na Baraza. Akapewa notisi ya mwezi mmoja. Na kwa kuwa tarishi alikuwa mmoja tu, ilimpasa kujipelekea mwenyewe. Aliiweka barua mezani, akafungua kitabu, akaandika "Imepelekwa na W. Haule", na mstari wa pili, "Imepokelewa na W. Haule". Akatia saini mara mbili. Akakaa akitazama saini zake, kisha akasema kwa sauti, ingawa chumbani hapakuwa na mtu, "Hata mwendawazimu huuficha wazimu wake kidogo."

Katika siku zile zote aliwaambia watu jambo moja lile lile: soma mpaka chini. Aliwaambia makarani, akamwambia Spika kwenye ngazi, akamwambia mwashi aliyekuwa anapaka ukuta chokaa. Kila mmoja alimjibu kwamba bila shaka liko mahali pengine. Neno "bila shaka" likawa linamkera kuliko tusi. Nyumbani mkewe alilitamka siku moja kwa bahati mbaya, alipokuwa anaongelea chumvi, naye akaondoka mezani.

Mimba ikafika mwezi wa tisa. Zikawa zimebaki siku mbili za notisi, saa nne asubuhi jua likiwa kali, Oliva alipoanza uchungu. Mama yake akasimamisha gari la maziwa, wakampandisha kati ya madebe, wakavuka daraja. Wendelini alikuwa kazini. Aliitwa, akakimbia mpaka langoni mwa hospitali, ambayo ilikuwa imepakana na uwanja wa Baraza, ukuta mmoja. Akamkuta Oliva kwenye benchi nje ya lango, jasho linamtiririka. Anunsiata amepiga magoti mbele yake, na mlinzi amesimama kama mti.

"Barua, mzee," alisema mlinzi.

"Unanijua mimi. Nakuletea barua kila wiki."

"Nakujua. Barua ya jimbo lenu sasa."

Anunsiata hakugeuka. "Baba Oliva, mtoto nitamtoa hata hapa kwenye benchi. Benchi si tatizo. Lakini akianza kutoka damu kama mara ile, damu iko ndani, na daktari amesema hafungui chumba kwa mtu asiye na karatasi. Bado kuna muda. Haupo mwingi."

Oliva akamshika baba yake mkono. "Baba, usigombane na mlinzi. Kagombane na wenyewe."

Wendelini alikwenda. Hakukimbia, alitembea kwa hatua za mtu anayepeleka barua. Alizunguka ukuta, akaingia Barazani, akapita korido aliyoitembea kwa miaka ishirini na miwili, na akafungua mlango wa kamati bila kubisha. Tindwa na Perpetua walikuwa wanafunga kazi, Nakala Kuu iko wazi mezani.

"Tuko kikaoni, Wendelini," alisema Tindwa.

Wendelini akatoa ukanda mfukoni. Ulikuwa umechakaa mikunjoni, gundi imekauka pembeni. Akauweka juu ya Nakala Kuu.

"Someni."

"Nini hii?"

"Ulichokisoma mstari mmoja. Soma mistari yote. Binti yangu yuko kwenye benchi nje ya hospitali anazaa, na mlinzi anataka barua ya jimbo letu. Nitajie jimbo letu, mheshimiwa, niende nikaombe barua."

"Pole sana. Lakini kama nilivyokueleza, sisi..."

"Usiniambie maana!" Ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti ile kusikika katika jengo lile. "Miezi mitatu naambiwa bila shaka. Nimekwenda Matongo, wamenipimia kwa rula wakanikuta sipo. Nimejifukuza kazi kwa kalamu yangu. Sasa soma, au nitakusomea mimi wa darasa la tano."

Aliyesoma ni Perpetua. Alisoma polepole, na alipofika kwenye "ardhi yao ni ardhi ya Jimbo hili" akasimama. Akafungua ibara ya pili. Safari hii karatasi hakuifunga.

"Mwenyekiti, haliko mahali pengine," akasema. "Nilijua siku ile. Nilinyamaza."

Tindwa akachukua Nakala Kuu, akapekua mbele, akapekua nyuma. Alikuwa mtu wa haraka, si mtu mbaya, na uso wake ulibadilika rangi kama chai inayotiwa maziwa.

"Lakini kivuko kilikufa," alisema, kama anajitetea mbele ya hakimu. "Kilikufa, Wendelini. Miaka ishirini na sita!"

"Kivuko kilikufa, mheshimiwa. Ng'ambo haikufa. Iko pale kwenye benchi."

Tindwa akakaa. "Kuirudisha ibara ni kubadilisha Katiba. Theluthi mbili ya wajumbe. Vikao vitatu. Miezi sita."

"Kuitoa mlitumia mkasi," alisema Wendelini. "Kuirudisha mnataka miezi sita?"

"Ndivyo sheria ilivyo."

"Sivyo," alisema Perpetua. Aliyasema watu wakiwa bado chumbani, na sauti yake ilitetemeka kwa kukosa mazoezi. "Kanuni ya tisa ya kamati. Kosa la kiufundi lililofanywa na kamati, kamati yenyewe inaweza kulisahihisha ndani ya siku tisini tangu kura ya Baraza. Leo ni ya themanini na nane."

"Na hili ni kosa la kiufundi?"

"Mwenyekiti, tulikata bila kusoma. Kama hilo si la kiufundi, ni la nini?"

Tindwa akausogeza ukanda karibu yake. Halafu akasema, "Gundi."

Wendelini alikwisha kuishika. Tindwa akainama juu ya ukanda, kalamu mkononi. "Tubandike sehemu ya chini tu. Bwana Kivuko tumwache, tutachekwa."

"Ukikata nusu utakuwa umebadilisha maana," alisema Perpetua.

"Na utakuwa umekata tena bila kujua kilichoshikana na nini," alisema Wendelini. "Bandika yote. Mkichekwa, chekeni nao."

Wakabandika yote, mahali pake, juu ya ibara ya bendera. Ibara zote zilizofuata zikasukumwa chini namba moja moja, na Tindwa akaona kazi yake ya miezi mitatu inasogea mbele ya macho yake kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Akatia saini. Akagonga mhuri.

"Chukua," alisema, akimsukumia Nakala Kuu nzima. "Hakuna muda wa kunakili. Chukua yote."

Safari hii Wendelini alikimbia, na Wakili Tindwa akakimbia nyuma yake, tai begani. Langoni mlinzi akataka kusoma. Akasoma. Alikuwa msomaji wa kidole, neno kwa neno, na Wendelini alitamani kumnyang'anya kidole chenyewe. Lakini alimwacha. Kwa miezi mitatu alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kusoma mpaka chini, na alikuwa amempata, saa mbaya kuliko zote.

"'...na ardhi yao ni ardhi ya Jimbo hili,'" alimaliza mlinzi. Akainua uso. Kidole chake kilikuwa kimenata gundi. "Si mngesema tangu mwanzo?"

Lango likafunguliwa.

Damu ilitoka, kama Anunsiata alivyohofia. Lakini safari hii Oliva alikuwa ndani, chupa imekwisha kutundikwa. Saa nane mchana mtoto wa kike akalia. Jioni Oliva aliomba uji, akaukataa kwa sababu hauna limau, na baba yake akajua kwamba amepona.

Ikabaki nafasi ya Bwana Kivuko, ambayo Katiba inasema haitakaa wazi zaidi ya siku saba. Baraza lilihangaika. Hakuna aliyetaka cheo cha kuvusha watu penye daraja. Siku ya sita, katika barua za asubuhi, Wendelini alikuta bahasha mbili zenye jina lake. Moja ilifuta notisi yake. Nyingine ilimteua kuwa Bwana Kivuko wa mto Luvire, pamoja na kazi zake nyingine. Akafungua kitabu. "Imepelekwa na W. Haule. Imepokelewa na W. Haule." Akatia saini mara mbili, na mara hii akabonyeza kalamu kidogo.

Siku za Ijumaa, baada ya kazi, alikuwa anaweka kigoda mwisho wa daraja upande wa Ng'ambo na kukaa. Watu walicheka, kama Tindwa alivyohofia. Bibi mmoja mwenye kapu la mihogo alisimama mbele yake akamuuliza, "Bwana Kivuko, wewe unavusha nini?"

"Nakuvusha wewe, mama."

"Mbona natembea kwa miguu yangu?"

"Wewe tembea tu. Mimi niko hapa ili wakitazama kwenye karatasi yao wakuone."

Bibi akamtazama, akaitazama Bomani upande wa pili, akachomoa muhogo mmoja kapuni na kuuweka mapajani pake. "Basi usiondoke," akasema, na akaenda zake.

Na Wakili Tindwa, kila alipopewa karatasi ya kufuta, iwe ya sheria au ya kanuni za klabu ya bao, aliisoma mpaka mstari wa mwisho, halafu akauliza aliyeileta: "Kivuko kimekufa, sawa. Ng'ambo yake iko wapi?" Watu wakalichukua neno, wakalipunguza, likabaki hivi tunavyolisema.

Sasa turudi kwenu. Jana mmesimama mkapendekeza tufute kanuni ya saba, ile ya mpiga ngoma wa msiba, kwa sababu siku hizi kila mtu ana simu. Ni kweli. Ngoma yenyewe panya wameitoboa. Lakini niliwatazama mlipokuwa mnaisoma, mkaishia kwenye neno ngoma mkacheka. Mama Sabela hakucheka. Mama Sabela anaishi peke yake, hana mtoto, hana ndugu, na kanuni ya saba ina mistari minne. Nendeni mkasome ule wa nne, unaosema ngoma itapigwa kwa ajili ya nani na nani atachimba kaburi lake kama hana mtu. Kisha nendeni kwake, mkamwombe radhi, na mkirudi mniambie kama bado mna mkasi.

Kivuko hufa, ng'ambo haifi.